Ndiyo, Nasikia Vizuri

Mume wangu ni kiziwi. Naanza na hilo kwa sababu kwa miezi mingi ndilo neno nililolipiga marufuku nyumbani kwangu, na kama ningelitamka mara moja tu, mbele ya mtu mmoja tu, leo nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Jina lake Anselme Kakule. Ni fundi cherehani hapa Makindye, Kampala, katika chumba kimoja ambamo tunalala, tunapika na tunashona. Mimi ni Marie-Louise. Natembeza vitenge mtaa kwa mtaa, na mdomo wangu hauna breki. Kwetu Butembo, Kongo, watu walikuwa wakitutania kwamba Mungu aligawa kazi vizuri, huyu aseme na yule asikilize. Wakati huo nilicheka nao.

Sikio lake la kushoto lilikuwa bovu tangu utotoni. Lilitoa usaha, likakauka, likatoa tena, na kwao hakuna aliyeuhesabu kuwa ugonjwa. Walimtia pamba wakaendelea na maisha. Sikio la kulia ndilo lililokuwa la kazi, na hilo liliharibiwa siku tuliyokimbia. Watu wenye bunduki walitusimamisha njiani, na mmoja wao akampiga kofi, kiganja chote juu ya sikio, kwa sababu hakujibu haraka. Hakujibu haraka kwa sababu yule mtu alimsemesha akiwa upande wa kushoto. Damu ikatoka kidogo. Tangu hapo kuna mlio ndani ya kichwa chake usiokoma mchana wala usiku. Anasema ni kama jiko la pampu lililoachwa linawaka.

Kofi hilohilo ndilo lililotutenganisha na binti yetu Darlène. Wakati nimepiga magoti namshika Anselme asianguke, dada yangu Kahindo alimbeba mtoto akapotelea naye migombani. Alikuwa na miaka sita. Tulikuja kusikia habari zao baada ya miaka miwili, na walikuwa wameshapanda ndege kutoka kambini, wako nchi ya baridi. Darlène aliandikwa mtoto aliyefiwa na wazazi. Sikumlaumu Kahindo. Alikuwa ametulilia na kutufanyia matanga.

Hapa lazima niseme jambo jingine. Darlène hatukumzaa. Mama yake alikuwa jirani yetu, akafariki siku ya nne baada ya kujifungua, na mtoto akawekwa mapajani mwangu kwa sababu nilikuwa nimemzika wangu mwezi uleule na maziwa yalikuwa bado yananitoka. Hapakuwa na karatasi wala mahakama. Nani huko kwetu angeuliza karatasi? Nilimnyonyesha, akawa wangu. Anselme alimshonea nguo zote alizovaa mpaka siku tuliyokimbia.

Alipofikisha miaka kumi na miwili, Darlène aliomba huko aliko wazazi wake wapelekwe. Mwenyewe, kwa kichwa chake. Ofisi inayoshughulikia mambo hayo hapa Kampala ikatuita na kutueleza waziwazi: hakuna damu ya kupima, hakuna cheti cha kuangalia, kesi yenu ni maneno matupu. Kila mmoja atahojiwa peke yake, na maneno yenu yalingane na ya mtoto.

Maneno. Nikamtazama mume wangu, ambaye nilikuwa nikimwita mezani kwa kumgonga bega.

Basi nikaanza kuhangaika na yale masikio. Mwanzo nilikuwa nimempeleka duka la dawa, wakamchoma sindano siku kumi. Usaha ulikauka, na kile kidogo alichokuwa akisikia kikapungua pia. Sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Ndipo akaja jirani yetu Kaltumi, bibi wa Kinubi, ambaye wazee wake waliletwa Uganda na jeshi la wakoloni wakabaki. Wajukuu zake humwita Haboba, yaani bibi, na sisi wapangaji wa uwanja mmoja tumefuata. Haboba alipasha mafuta ya simsim na kitunguu saumu, akajaribu kwanza kwenye ngozi ya mkono wake kuona kama hayaunguzi, akamtilia Anselme matone matatu sikio la kushoto. Mume wangu akaishika meza kwa mikono miwili. Chumba kilimzunguka, akatapika hapo hapo. Kaltumi, ambaye amelea watoto tisa na haogopi kitu, aliweka kijiko chini.

"Hii haiko sikio tena," akasema. "Hii iko shimo. Peleka yeye hospitali leo, mimi mikono nimetoa."

Hospitalini tulimkuta mama mmoja anaitwa Nafuna. Watu wote pale benchi walimwita musawo, kama Kampala inavyomwita kila anayetibu. Nilimpenda kwa sababu hakumpigia Anselme kelele. Alimshika kidevu, akamgeuza uso, akachungulia kwa tochi yake ndogo, kisha akatoa kwenye sikio la kulia donge la nta nyeusi ukubwa wa harage. Anselme akaruka. Alisikia kiti kikikwaruza sakafu.

Siku hiyo mvua ilitukuta Nsambya tukirudi kwa miguu. Watu wote walikimbia, yeye akasimama kwenye baraza la duka, mdomo wazi. Akaniambia mvua ina sauti mbili, moja ya bati na moja ya ardhi, na kwamba alikuwa ameisahau ya ardhi. Nilimkumbatia mbele za watu. Mjinga mimi, nilidhani tumepona.

Tuliporudi baada ya wiki mbili, Nafuna alimweka kwenye kile chumba kidogo cha vipimo, akamvalisha vifaa masikioni, akamwambia anyanyue mkono kila akisikia mlio. Nilimtazama kupitia kioo. Alikaa wima kama mwanafunzi, mkono umelala gotini. Ulinyanyuka mara nne tu.

"Nta ilikuwa mlango tu," Nafuna aliniambia. "Mimi nimefungua mlango, sasa tunaona shida ya ndani. Huku kushoto ngoma ya sikio ilitoboka zamani sana, na usaha umekula vile vifupa vidogo vya kubeba sauti. Sauti inakwama njiani. Huku kulia ngoma imeziba kwa kovu, sauti inafika, lakini mshipa wake wa kusikia unakufa. Ni hilo kofi. Na zile sindano pia."

"Sindano? Zile zilikausha usaha!"

"Zilikausha. Kuna dawa inaponya kidonda na inaua masikio, mama. Mtu hawezi kuchoma tu."

Nilitaka sakafu inimeze. Nikamuuliza kama kifaa cha kusikilizia kingefaa. Akasema sikio la kushoto lifanyiwe upasuaji kwanza likauke, na foleni ni ndefu. La kulia litaendelea kushuka, pengine mwaka, pengine chini ya hapo. Kisha akaandika barua, akaigonga muhuri, akaniwekea mkononi. Ilisema kwamba mtu huyu haelewi mazungumzo ya mdomo, kwamba anasoma na kuandika vizuri, na kwamba katika usaili wowote aulizwe kwa maandishi.

"Hii peleka kwa watu wenu wa wakimbizi," alisema. "Itawasaidia."

Nilimshukuru sana. Nilipofika nyumbani niliikunja nikaificha chini ya mafungu ya vitenge, na Anselme sikumwonyesha.

Mtaniuliza, mwanamke mwenye akili zake anafichaje karatasi kama hiyo? Nitawaambia. Kanisani kwetu kuna ndugu Guerschom, ambaye amehojiwa mara tano na anaijua njia ya kwenda ng'ambo kuliko marubani. Hajaondoka hadi leo, lakini anaijua. Mwaka mmoja kabla, familia moja ya kanisani ilikuwa imepata hadi tarehe ya kusafiri, baba akapimwa akakutwa na kifua kikuu, safari ikasimamishwa. Tangu hapo ikawa sheria kwetu, na hakuna aliyeuliza iliandikwa na nani: mgonjwa hapandi ndege. Mama mwenye kisukari alificha sindano zake. Mzee mmoja alienda usaili bila fimbo yake, akaanguka ngazini. Tulifichana magonjwa hata sisi kwa sisi, asije mtu akaropoka.

"Kiziwi?" Guerschom alinishushia sauti kana kwamba nimetaja mauaji. "Mama Darlène, usitamke hiyo kitu. Batamutia chini ya mafaili, utamuona mutoto mbinguni."

Sikuuliza mtu mwingine. Hilo ndilo linaloniua. Ofisi ilikuwa na dirisha la maswali na namba ya simu, na mimi ambaye huuliza bei ya kitu nisichotaka kununua, sikuuliza.

Guerschom alituandikia maswali ishirini na manne. Aliapa kwamba huja kwa mpangilio uleule kila mara: majina, kazi, mtoto alivyofika kwenu, siku ya kukimbia, kofi, mpaka wa Kasindi, na kuendelea. Mpango ulikuwa hivi. Anselme husoma midomo, si kila neno, lakini akiuona mdomo vizuri anapata kiini. Basi midomo ikimwonyesha swali, ajibu swali. Isipomwonyesha, atoe jibu linalofuata kwenye orodha. Wakinyamaza wakamkodolea macho, ajue wanauliza afya, aseme: ndiyo, nasikia vizuri, sina ugonjwa wowote.

Hilo la mwisho nililiongeza mimi.

Kwa wiki sita tulifanya kazi hiyo. Yeye anakanyaga cherehani, mimi nimekaa mbele yake nanyanyua vidole, naye anajibu. Hakuna neno la uongo katika majibu yale isipokuwa lile langu. Yote yalikuwa maisha yetu wenyewe, lakini alivyoyarudia na kuyarudia yakapoteza joto. Alimtaja mama wa Darlène aliyekufa kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo vya suruali. Niliona. Nikafurahi kwamba amekariri vizuri.

Haboba Kaltumi alikuwa anatusikia kupitia ukutani, nani asingetusikia. Siku moja alikuja na kawa zake za kusuka, akaketi mlangoni pangu.

"Wewe Mama Darlène, kwa nini nafundisha mzee uongo?"

"Ni ukweli wote, Haboba. Namufundisha mupangilio tu."

"Sema yeye hasikii. Kiziwi iko mwizi?"

"Haboba, mambo ya wakimbizi wewe huyajui."

"Babu yangu kule jeshini alikufa masikio kwa mizinga," akasema, "lakini hakuna mtu alimwambia afiche." Kisha akaendelea kusuka. Nilikasirika siku nzima, maana nilijua anasema kweli.

Usaili ulifanyika asubuhi, Nakasero. Mimi nilianza. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, anazungumza Kiingereza, na mkalimani mwanamume wa Bukavu akigeuza kwa Kiswahili. Aliniuliza Darlène ana alama gani mwilini. Nikasema ana kovu la pasi ya mkaa mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko, Anselme aliiweka pasi kwenye ukingo wa meza naye akapita mbio. Mtoto alilia robo saa, baba yake akalia siku nzima. Afisa akacheka kidogo akaandika. Nilitoka nikiwa na moyo mwepesi. Yule mkalimani nilimwona vizuri: alikuwa na mafua, anakohoa, na tangu mwanzo hadi mwisho alivaa barakoa. Nilimwona, jamani. Nilikaa naye saa nzima. Haikunipitia akilini kwamba Anselme anaingia kwenda kusoma midomo ya mtu asiye na mdomo.

Alipotoka alikuwa anang'aa. Akaniambia kwa ile sauti yake ya kupasua, walinzi wakageuka, "Yote ilikuja kwa mustari! Guerschom hakudanganya!" Tukashuka hadi soko la Nakasero, tukanunua nanasi tukalila tumesimama, tunanata mikono kama watoto. Alinieleza gauni alilolipanga kichwani kumshonea Darlène, lenye mikono mirefu kwa ajili ya baridi, lakini akakwama. Hakujua urefu wake wa sasa.

Miezi minne tulingoja. Katika muda huo sikio la kulia lilizima. Halikuzima kwa siku moja. Kwanza hakusikia ndege, kisha hakusikia cherehani yake mwenyewe, akawa anaweka kiganja juu yake kujua kama inakwenda sawa. Mwisho nikasimama nyuma yake nikaita jina lake kwa nguvu zangu zote, na hakugeuka. Alibaki na ule mlio tu. Tukawa tunaandikiana kwa chaki juu ya meza ya kukatia nguo. Nikajipa moyo kwamba haidhuru, usaili umeshapita.

Jibu lilikuja kwa karatasi moja. Ombi limekataliwa. Niliona neno hilo, mengine yalikuwa Kiingereza cha kisheria nisichokiweza. Anselme alisoma uso wangu, akachukua chaki akaandika mezani: NI MIMI? Nikaandika kwamba sijui. Nikamwambia nakwenda kuuliza. Alikuwa ameshainama, anapanga bobini zilizokuwa zimepangwa tayari.

Nilikwenda peke yangu na barua ya Nafuna mkobani. Dirishani alikuwepo bwana wa makamo anaitwa Otim, mwenye adabu, aliyenipa kiti na kufungua faili letu. Nilimwomba anisomee walichokosea. Akasema hawakukosea, akasoma kwa Kiswahili chake, polepole, kidole kikifuata mstari.

"Hapa wanauliza: mtoto napenda kula nini? Mzee najibu: mama yake alikufa siku ya nne. Wanauliza: mtoto iko na alama gani kwa mwili? Najibu: tulivuka Kasindi siku ya Jumanne, asubuhi."

"Endelea."

"Afisa nauliza: bwana, wewe nasikia mimi? Mzee nasema: ndiyo, nasikia vizuri, sina ugonjwa wowote." Otim akageuza ukurasa. "Hiyo ameuliza tena hapa. Na tena hapa. Mara tatu, mama. Alitaka hata kusimamisha. Mzee nasema kitu moja tu, nasikia vizuri."

Aliendelea kwa sababu nilimwomba aendelee.

"Mwisho afisa nauliza: huyu mtoto si damu yako, kwa nini nataka yeye? Mzee najibu: mimi ni fundi cherehani, naishi Makindye."

Orodha ilikuwa imemwishia, akaianza upya. Huyo ni mtu aliyelia siku nzima kwa kovu la mtoto. Kwenye karatasi ile alikuwa mwongo aliyefundishwa, na walikuwa wameandika hivyo hivyo: majibu yamekaririwa, hayalingani na maswali, uhusiano na mtoto haukuthibitika. Ungekuwa wewe ungeandika vinginevyo? Mimi nisingeandika. Nilitafuta wa kumkasirikia katika ofisi ile yote na sikumpata.

Nikatoa barua ya Nafuna nikaisukuma mezani. Otim aliisoma mara mbili. Aliangalia tarehe, akaangalia tarehe ya usaili, akavua miwani.

"Hii ilikuwa kwa nyumba yenu miezi miwili mbele ya usaili?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hamkuleta?"

Nikamweleza yote: kifua kikuu, Guerschom, magonjwa tuliyofichana.

"Mama, hiyo ni kifua kikuu, inaambukiza, wanatibu kwanza, halafu mtu naenda," akasema. "Masikio hapana. Masikio haizuii mtu. Kama hii karatasi ingekuwa ndani ya faili, wangempa kalamu na maswali ya kuandika. Na mtu kama huyo wanaita mwenye mahitaji maalumu, kesi yake inapita mbele."

"Inapita mbele?"

"Mbele, mama. Si nyuma."

Nilimwomba aiweke kwenye faili sasa. Akakuna kichwa, na nikaona kwamba anatafuta namna ya kuniambia kwa upole. Kuomba kesi iangaliwe tena kunataka ushahidi mpya, akasema, na barua ya zamani si ushahidi mpya. Halafu akanionyesha ukurasa wa kwanza, chini, ambapo mimi na Anselme tulitia sahihi kwamba tunamwelewa mkalimani na hatujaficha chochote.

"Nikiweka hii, inasema nyinyi mlificha. Wataandika udanganyifu, na hiyo nafunga mlango hata kesho, hata kwa mtoto akiwa mkubwa naomba yeye mwenyewe. Nisipoweka, mlango umefungwa tu kwa leo. Akifika miaka kumi na minane anaweza kujaribu." Akanirudishia barua. "Mimi sijaona hii kitu. Rudi nayo nyumbani."

Darlène ana miaka kumi na mitatu. Nilihesabu miaka mitano nikiwa bado nimekaa kwenye kiti kile. Kisha nikatembea kutoka Nakasero hadi Makindye. Sikupanda kitu, maana sikutaka kufika.

Anselme alikuwa ameketi nje ya mlango, anashonelea vifungo kwa mkono. Saa tisa alasiri, uwanja umejaa watu, wanawake wako bombani, Haboba Kaltumi amekaa na kawa zake. Aliponiona aliinuka.

"Bamesema nini?" Uwanja mzima ulimsikia. "Ni mimi? Nilijibu mubaya?"

Chaki ilikuwa ndani mezani. Ningeingia, ningeandika, na hakuna ambaye angejua. Lakini mdomo uliomfundisha kusema anasikia ulikuwa huu wangu, na nilitaka useme wenyewe. Nikamshika mashavu, nikamgeuza uso kama Nafuna alivyofanya.

"Haiko weye," nikasema. "Ni mimi."

Akanitazama mdomo. Hakupata.

Nikapaza. Nikasema kulikuwa na barua ya musawo. Akakunja uso, akatikisa kichwa. Nikapaza zaidi, nikapiga kelele, nikarudia tangu mwanzo, kwamba barua ilisema yeye ni kiziwi, kwamba niliificha kwenye vitenge, kwamba barua ile ingetupeleka kwa Darlène na mimi ndiye niliyeikalia. Bombani ndoo zilikuwa zinamwagika na hakuna aliyezitoa. Nilirudia mara tatu, na watu arobaini wa uwanja ule walikuwa wameshanielewa kabla ya mmoja niliyekuwa namwambia. Mara ya nne nilisema polepole, karibu bila sauti, nikiachia midomo ifanye kazi. Hapo akaelewa. Nilijua kwa sababu mikono yake, iliyokuwa imeishika yangu, iliachia.

Alikaa chini. Aliokota sindano, akaitazama, akaichomeka kwenye kola ya shati lake. Nilingoja anipige, anitukane, aondoke. Haboba alikuja akasimama nyuma yangu.

"Mutoto anajua?" Anselme akauliza.

Nikatikisa kichwa.

"Mwambie weye." Safari hii alijaribu kushusha sauti, ikatoka imepasuka, hajui tena ipo wapi. "Mwambie sasa, asingoje. Mimi siwezi. Hata akilia sitamusikia."

Nikapiga simu. Kule ilikuwa asubuhi, alikuwa hajaenda shule. Anselme alisogeza kigoda mpaka magoti yetu yakagusana, akakaza macho usoni kwangu, na alijua mtoto ameanza kulia kabla sijamwashiria.